Picha Isiyo na Povu

"Ile mirefu! Nataka ile mirefu, Mzee Singh, nimesema mara ngapi?"

"Mirefu ya nini? Wewe nataka piga picha ama nataka kamata kuku?"

"Ile fupi ndiyo iliniharibia kazi!"

"Fupi haiharibu kitu! Kichwa yako ndiyo iko haribika! Mimi napiga picha ya watu kabla mama yako hajakuzaa!"

"Usimtaje mama. Mama ndiye ananingojea hiyo picha."

Kelele ilikuwa imevuka Grogan Road ikafika kwa mafundi wa kugonga madigadi ya magari. Wakaweka nyundo chini ndiyo wasikie vizuri.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mikono ya flashi. Kamera ya chini ya maji inakaa katikati, mkono mmoja unatokea kushoto, mwingine kulia, na mwisho wa kila mkono kuna taa. Gurcharan Singh alikuwa ametengeneza jozi tatu kutoka kwa vyuma vya kushikilia vioo vya lori. Jozi ya kwanza ilikuwa fupi kama kiganja. Ya pili ilifika kwa kiwiko. Ya tatu ilikuwa mirefu kama mkono wa mtu mzima, na ilikunjika mahali pawili, kama bega na kiwiko. Zote tatu zilikuwa mezani, katikati ya spidomita za watu na saa za ukuta, kwa sababu Gurcharan alitengeneza kila kitu iliyo na skrubu ndogo. Nyuma ya pazia alikuwa na kistudio cha kupiga picha za pasipoti. Kamera iliachwa hapo na Mzungu mmoja aliyeileta itengenezwe, halafu Uhuru ikaja, akaenda kwao bila kuirudia.

Nashon, yule kijana aliyetaka mirefu, alitupa picha ya kwanza juu ya meza, akaigonga na kidole.

"Sema, hawa ni nini?"

"Watu."

"Na hizi doa nyeupe mbele ya watu?"

Gurcharan alishika ndevu, akaangalia dari.

Maji iliingia kwari ya Mutuini, machimbo ya mawe, mwaka huo wa sabini na moja, asubuhi ya siku ya kazi. Ilitoka chini, haikutoka kwa mvua, ikafunika watu waliokuwa wanachonga mawe. Ogutu, kaka mkubwa wa Nashon, alikuwa mmoja wao. Kampuni ya Mawe Bora ikasema siku hiyo hakukuwa na mtu shimoni. Watu walikuwa wametoroka kazi, ikasema, pengine wako Tanzania, pengine na wanawake.

Kesho yake mawe iliendelea kutoka. Kila asubuhi ilipatikana kando ya maji, imechongwa pembe nne sawasawa, ikidondoka matone. Lori ya kampuni ikaendelea kubeba. Mawe hiyo ilijenga nyumba za ghorofa kule Kileleshwa, na wapangaji wa huko walizoea kupangusa maji ukutani na kitambaa hata wakati wa kiangazi. Watu wa ujenzi walisema ni mawe nzuri kuliko ya zamani. Chini kule hakuna jua ya kumchosha mtu.

Nashon alikuwa amemaliza fomu foo, hana kazi, ana mdomo. Kwao ni kando ya ziwa, kwa hivyo kuogelea alijua kabla ya kusoma. Siku moja akavua shati, akaingia, akampata Ogutu chini akichonga. Walisalimiana. Akatoka akaambia watu, lakini nani atamwamini Nashon? Huyu ndiye alisema shuleni kwamba mwalimu wa jiografia ana mkia. Na maneno ya chini ya maji hayapandi yenyewe. Inabidi mtu ayabebe, na aliyeyabeba alikuwa yeye.

Ingekuwa ni maneno tu, angeacha. Lakini kulikuwa na mtoto.

Lornah, bibi ya Ogutu, alijifungua kijana baada ya maji kuja, na mtoto akaanza kulia siku hiyo hiyo. Kwao mtoto akilia hivyo anatafuta jina. Kuna mtu wa nyumba hiyo, amekufa, anataka jina lake lirudi, basi watu wanamtajia mtoto majina ya marehemu moja moja mpaka anyamaze. Mama ya Ogutu na Nashon, Peres, alipanda treni kutoka Kisumu kuja kufanya hiyo kazi. Alitaja babu, alitaja nyanya, alitaja mjomba aliyeliwa na mamba. Mtoto akazidi. Halafu siku moja Lornah akiongea na jirani akasema, "Ogutu alipenda samaki wa omena," na mtoto akanyamaza katikati ya kilio, kama redio imezimwa.

Peres aliruka akamfunika Lornah mdomo.

"Hilo hapana! Huwezi kumpa mtoto jina la mtu aliye hai. Unamwitia kifo."

"Mama, yuko hai wapi?"

"Kampuni imesema yuko hai. Uliona maiti?"

Lornah hakuwa ameona maiti. Mtoto akaanza tena. Sasa alikuwa anakaa bila kushikwa, na sauti yake imepasuka kama ya mnadi wa ng'ombe pale Dagoretti. Alikuwa amekonda. Mtu asiye na jina hanenepi, majirani walisema, maziwa haijui inaenda kwa nani.

Ndiyo Nashon akaenda kwa Gurcharan kuazima kamera. Mara ya kwanza alipewa mikono fupi, akashuka, akapiga. Picha ikatoka na watu wote, lakini mbele yao kulikuwa na doa nyeupe nyingi, kama mtu amemwaga mchele. Akaipeleka mjini kwa meneja wa kampuni, Bwana Wahome, Peres akiwa hapo. Wahome aliangalia picha akageuza maneno bila kuona haya.

"Kumbe hawakutoroka. Vizuri sana. Wako kazini. Na hizi nyeupe, mama, unaziona? Hiyo ni povu. Mtu akitoa povu anapumua, na akipumua yuko hai."

Peres anajua povu, amezaliwa kwa maji. Aliangalia doa nyeupe iliyokuwa kwa mdomo wa mtoto wake, akaangalia tena.

"Kweli anapumua," akasema. "Basi jina lake siwezi kulitoa."

Lakini haikuwa povu. Ilikuwa unga wa mawe. Watu wanachonga chini ya maji mchana kutwa, unga utaenda wapi? Unaelea hapo hapo. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya mikono fupi.

"Flashi iko karibu na jicho la kamera," Nashon akasema pale dukani, sasa sauti imeshuka kidogo. "Inapiga unga kabla ya kupiga mtu. Nikiweka taa mbali, huku na huku, mwanga utaingia kutoka kando. Unga wa katikati hautashika."

"Studio yangu taa iko karibu, na iko mbele ya uso. Watu wote nafurahi. Uso kama sahani!"

"Studio yako haina maji!"

"Mwanga mbali, uso giza! Hiyo iko sheria!"

"Sheria ya nani?"

Pazia ikafunguka, akatoka Kulwant, bibi ya Gurcharan, na chai ya majani kwa birika. Akawamiminia wote wawili bila kuuliza.

"Mnasikika mpaka mtoni," akasema. "Wewe mzee, Jumapili tukienda Limuru, ukungu ilikuja. Uliwasha taa gani?"

Gurcharan akakunja uso. "Kwa nini naleta Limuru hapa?"

"Uliwasha taa gani?"

"Ya full."

"Ukaona nini?"

"Nyeupe. Ukuta nyeupe."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe sikuona."

"Ng'ombe hakuona," Kulwant akamwambia Nashon. "Ng'ombe ndiye alituona, akaruka. Halafu mzee akazima full, akawasha zile ndogo za chini, za pembeni, tukaona barabara mpaka Kinungi."

Mafundi wa madigadi walicheka kutoka ng'ambo ya barabara. Gurcharan alikunywa chai yote kwa mara moja, ikiwa moto hivyo, akavuta jozi ya tatu mbele yake.

"Refu," akasema, kama yeye ndiye alianza na hiyo neno. "Lakini refu iko nzito. Naangalia chini kama mkia ya punda. Kijana itashindwa kushika."

"Nitashika."

"Hapana shika. Mimi naweka floti."

Akaingia stoo akatoka na mipira miwili ya shaba, ile ya ndani ya tangi ya choo, inayoelea maji ikijaa. Akaifunga kwa mikono, mmoja kila upande, akatumbukiza kila kitu kwa pipa la kupimia tairi zilizotoboka. Mikono ikaelea sawa, haizami, haipandi, inangoja tu. Akaigeuza na kidole kimoja.

"Sasa sikia. Taa hapana angalia mtu. Taa naangalia nje kidogo, kama mtu naona haya. Ile ukingo ya mwanga tu ndiyo nagusa uso. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee Singh."

"Na balbu iko mbili tu. Mzungu hakuacha ingine. Moja mkono hii, moja mkono hii. Ukipiga, imekwisha."

Alipaka griisi kwa kila mahali waya iliingia, akafunga, akafungua kuhakikisha, akafunga tena.

Asubuhi Nashon alikuwa Mutuini. Askari wa geti, Nzuki, alikuwa anakunywa uji na kungoja lori. Mawe ya siku hiyo ilikuwa imepangwa kando ya maji, mabichi.

"Leo wako na kelele," Nzuki akasema. "Nafikiri kuna mwamba mgumu. Hiyo umebeba ni nini, pembe?"

"Ni mikono."

"Haya. Wasalimie. Mwambie Sifuna bado niko na koti yake."

Nashon akajaza kifua, akaingia. Maji ilikuwa na kina cha nyumba ya ghorofa moja, kijani juu, kijivu chini. Aliwapata wakiwa wamekaa kupumzika, nyundo zimelazwa. Sifuna, Mbukusu mrefu aliyependa matani, ndiye wa kwanza kumwona.

"Ee! Mjaluo amerudi. Na leo amekuja na pembe za ng'ombe wa Maasai. Unaoa?"

"Simameni tupige picha."

"Tulipiga."

"Ilitoka mbaya."

"Si ni wewe ulipiga?" akasema Tobias, fundi wa patasi, na wote wakacheka polepole, vile watu wanacheka chini ya maji.

Nashon aliwataka wasogee karibu, waonekane kifua tu, ndiyo maji ya katikati iwe kidogo. Walikataa kabisa. Picha bila miguu ni ya kipande, wakasema, mtu anapigwa picha mpaka viatu. Hakuna mtu hajui hivyo. Ogutu mwenyewe alikuwa ameshainama kufunga kamba. Sifuna alikuwa amepoteza kiatu kimoja siku ile maji ilikuja, akaenda akasimama nyuma ya jiwe dogo lililofunika mguu huo. Wengine walipanga foleni, mikono kando, kidevu juu, kama kwa studio.

Basi Nashon akarudi nyuma kidogo, si sana, na akafungua mikono ya flashi mpaka mwisho, huku na huku, mipana kama mtu aliyenyoosha mikono. Akageuza taa nje kidogo, ziangalie pembeni, zione haya.

"Mtoto analia?" Ogutu akauliza. Alikuwa bado anaangalia mbele, hajageuza kidevu.

"Analia."

"Anataka nani?"

"Wewe."

Samaki mdogo akapita karibu na sikio la Ogutu, akaenda zake.

"Basi piga vizuri," Ogutu akasema. "Na wewe usipumue. Povu yako isije ikaingia, tukarudi pale pale."

Nashon alikuwa ametumia hewa nyingi kwa kuongea, na kifua kilikuwa kinagonga mlango. Akangoja. Sifuna akarekebisha kola. Mtu mmoja akataka kucheka, wenzake wakamkanyaga. Halafu wote wakatulia, na unga ukatulia nao ukining'inia, na Nashon akabonyeza.

Balbu zote mbili zilipiga pamoja. Kwari yote ikawaka, hata Nzuki aliona mwanga ukitoka kwa maji kama mtu amefungua mlango wa nyumba yenye taa. Nashon akapanda juu bila kuaga, akatapika maji, akalala juu ya mawe ya kampuni na kamera kifuani.

Gurcharan aliosha filamu yeye mwenyewe nyuma ya pazia. Nashon alizuiwa kuingia kwa sababu anatikisa meza. Mafundi wa Grogan Road waliacha magari yamefunguliwa matumbo, wakaja kusimama dukani. Kulwant akatoa jalebi tamu kwa sahani, lakini hakuna aliyegusa. Halafu pazia ikafunguka, Gurcharan akatoka na karatasi kubwa bado inadondoka, ameishika kwa ncha mbili.

Wote walikuwa hapo, kutoka nywele mpaka viatu. Maji mbele yao ilikuwa safi kama kioo kimepanguswa. Ungeona vifungo vya shati vikielea, ungeona alama za patasi kwa mawe, ungeona kamba ya kiatu cha Ogutu imefungwa fundo mbili. Sifuna alikuwa anacheka na jino moja limeng'olewa.

"Unga iko wapi?" Gurcharan akauliza watu wote, akiwageukia mmoja mmoja. "Nani naona unga? Wewe unaona? Hakuna!" Akamshika Nashon kichwa, akamtikisa kama tikiti analojaribu kama limeiva. "Refu! Mimi nilisema refu!"

Nashon alimwacha tu. Mafundi walipiga makelele, mtu akagonga madigadi kama ngoma, na jalebi ikaisha hapo hapo. Picha ilipokauka waliibeba, Nashon mbele na picha juu ya kichwa, wao nyuma na ovaroli zao za mafuta. Wakapanda kutoka Grogan Road, wakakata Bazaar Street, wakina mama wa Kihindi wakatoka madukani kuona, polisi wa trafiki akasimamisha magari akidhani ni harusi. Walifika kwa jengo la kampuni jasho ikiwatoka, na askari wa chini akawafungulia geti yote mbili.

Peres na Lornah walikuwa tayari kwa ofisi ya Wahome. Mtoto alikuwa analia. Peres ndiye aliyetaka iwe hapo. Aliyesema ni povu ni huyu, alisema, basi ataangalia na mimi.

Nashon aliweka picha juu ya meza. Peres akavuta kiti, akainama mpaka pua ikaribie karatasi. Akapita mdomo kwa mdomo na kidole.

"Huyu, hakuna. Huyu, hakuna. Huyu mrefu anacheka, na hakuna."

Akafika kwa Ogutu. Kidole kikakaa.

Mafundi walijaa mlangoni, kofia mkononi.

"Kwetu mtu akizama," Peres akasema, "tunapiga kasia mpaka pale povu inatoka. Ikikatika, tunaweka kasia chini. Huyu mtoto wangu hana povu."

Alitoa kilio kimoja, kirefu, cha kwao, kikatoka dirishani kikaenda. Halafu akafuta uso na leso, akanyoosha mikono, na Lornah akamweka mtoto hapo.

"Ogutu," Peres akamwambia mtoto.

Mtoto akanyamaza.

"Ogutu, mtoto wa Ogutu. Umefika. Usilie tena, tumekusikia."

Mtoto alimwangalia, akapiga miayo, akalala. Ofisi zote za ghorofa hiyo zikasikika kimya, kwa mara ya kwanza mtu akagundua saa ya ukutani ina sauti. Lornah alikaa chini sakafuni akacheka bila kujizuia, kanga mdomoni, na fundi mmoja mlangoni akaanza kupiga makofi polepole bila kugusanisha viganja.

"Hongera, mama," Wahome akasema kwa sauti ya chini. "Jina zuri."

"Ahsante," Peres akasema. Akainuka na mtoto, Lornah akamfuata, na mafundi wakawapisha, wakateremka nao ngazi kwa ncha za vidole vya miguu.

Nashon akabaki.

"Bwana Wahome, umeona. Hakuna povu. Sasa sema wamekufa."

"Nitasemaje?" Wahome akasema, na hakuwa na hasira yoyote. "Lori imepakia asubuhi hii. Mtu anayetoa mawe ni mfanyakazi. Habari ya povu ni ya nyumbani kwenu, mimi sikatai. Lakini hapa tunaangalia mawe." Akaivuta picha karibu, akaipenda. "Hii ni kazi safi sana. Niachie nitundike hapo, wageni waone bidii ya watu wetu. Na ukirudi huko chini, waambie yale ya msingi wayaongeze upana kidogo. Kuna ghorofa zingine zinaanza Kileleshwa."

Nashon alichukua picha kutoka kwa mikono yake, bila kunyang'anya.

"Hii inaenda dirishani kwa Mzee Singh," akasema. "Wageni wako wakitaka kuona, wapange foleni Grogan Road na wengine."

Wahome alikuwa ameshafungua kalamu yake. Nashon akatoka, akavuta mlango polepole sana mpaka ukashika, kwa sababu Ogutu alikuwa amelala.